ThreadSanitizer: mmbea mkweli asiyeona ya jirani

Programu yangu ya kukusanya vipimo ilitumika miaka sita kwenye mashine za x86 (prosesa za Intel na AMD) bila kukwama hata siku moja. Nilipoihamishia ARM64, aina nyingine ya prosesa, ikaanza vituko: kila baada ya saa kadhaa, uzi (thread, mkondo mmoja wa kazi ndani ya programu) msomaji huchukua rekodi iliyoandikwa nusu. Nikiongeza mistari ya kuchapisha ili nione kinachoendelea, kosa linapotea. Nikiitoa, linarudi. Siku nne nimezunguka hivyo, hadi kompaila nikaisingizia.

Ndipo nikaijaribu ThreadSanitizer, chombo kinachotafuta nyuzi zinazogusa data ileile bila utaratibu. Ni ya bure na imo tayari ndani ya kompaila za Clang na GCC; unaongeza -fsanitize=thread unapokompaili na unapounganisha, basi. Iliniumbua ndani ya dakika mbili: uzi ulioandika huu, uliosoma huu, mistari yenyewe hii hapa. Mkosaji ni bendera (kigeu kinachoashiria kuwa data iko tayari) niliyoitangaza volatile nikidhani neno hilo linatosha kupanga foleni kati ya nyuzi. Halitoshi. Prosesa za x86 huonyesha maandishi kwa mpangilio yalivyoandikwa, kwa hiyo zilinifichia uzembe wangu miaka yote. ARM ina ruhusa ya kutanguliza bendera, data ikafuata nyuma. Nikaifanya bendera iwe ya atomiki, release upande wa mwandishi na acquire upande wa msomaji ili data itangulie bendera, vituko vikakoma.

Lakini lililonifurahisha kuliko yote ni hili: kosa lilionekana hata nilipoiendesha kwenye ile mashine ya zamani ya x86, ambako halikuwahi kumdhuru mtu. ThreadSanitizer haisubiri ajali itokee. Inachunguza kama kuna chochote kinacholazimisha tendo moja litangulie jingine, na kisipokuwepo inasema. Kumbe ningeiwasha kabla ya kuhama, siku zangu nne zingesalimika! Ila itayaona tu yale yanayopitiwa programu ikiendeshwa. Njia usiyoijaribu itabaki gizani.

Ni nzito. Watengenezaji wenyewe wanataja kasi kushuka mara 5 hadi 15 na kumbukumbu kuongezeka mara 5 hadi 10, na kweli majaribio yangu ya dakika 3 yalifika nusu saa. Huwezi kuichanganya na AddressSanitizer, nduguye anayetafuta makosa ya matumizi ya kumbukumbu. Tena siku ya kwanza iligoma kabisa, ikalalamika “unexpected memory mapping” ikafa: yenyewe hutenga maeneo maalumu ya anwani, na kerneli (kiini cha mfumo endeshi) yangu mpya hutawanya anwani kwa upana kuliko ilivyotarajia. Nikaiendesha kupitia setarch -R, amri inayozima utawanyaji huo, ikatulia. Nilicheka. Mganga naye anaumwa ugonjwa uleule wa kudhani mambo yatabaki yalivyokuwa.

Nimeipa nyota nne. Ya tano imeikosa kwenye segimenti za kumbukumbu, yaani vipande vinavyotumiwa kwa pamoja na michakato tofauti. Programu yangu ni michakato miwili inayotumia segimenti moja, na ThreadSanitizer hufuatilia mchakato mmoja tu. Nyuzi za mchakato wa pili zikigombania rekodi ileile, haina habari. Makosa mengine ya segimenti nayo nilijitafutia: pointa (anwani za kumbukumbu) nilizohifadhi ndani yake zilielekeza hewani kwa sababu mchakato wa pili uliipachika kwenye anwani nyingine, nikazibadilisha zote ziwe umbali kutoka mwanzo wa segimenti. Halafu kulikuwa na 4096 niliyoiandika kwa mkono kama ukubwa wa ukurasa (kipimo ambacho kerneli hugawia kumbukumbu) kwa baiti, wakati kerneli ya mashine mpya inatumia kurasa za KB 64, na mmap, ombi la kupachika kumbukumbu, ikawa inarudisha kosa la EINVAL tu. Hiyo niliipata kwa strace, chombo kinachoonyesha maombi ya programu kwa kerneli, na macho yangu mwenyewe, saa nane usiku.