Mechi ya Majaribio ya Majira ya Kuchipua: Ubao wa Matokeo Haukusema Kitu

Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu nchini Marekani, timu ya futiboli ya Kimarekani huruhusiwa kufanya mazoezi 15 katika majira ya kuchipua, na vyuo vingi huyafunga kwa mechi ya majaribio ambayo timu hujigawa pande mbili mbele ya mashabiki wake. Nimetoka kuitazama ya timu ninayoishabikia. Kama mechi, ilikuwa dhaifu, lakini kwa mtu anayetaka kujua kikosi kina hazina gani ya wachezaji, kiingilio hakikupotea bure.

Washambuliaji walicheza dhidi ya walinzi, na walinzi walipewa pointi kwa kuwazuia wenzao au kuwanyang'anya mpira. Hesabu yenyewe haikuelezwa popote, kwa hiyo ubao ulibadilika mara kwa mara huku jukwaa zima likiulizana kulikoni. Walinzi ndio walioshinda. Sijui shabiki hata mmoja aliyeondoka akiutaja ushindi huo.

Kwotabeki, yule mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, alivaa jezi ya rangi tofauti kuonyesha kwamba haruhusiwi kuangushwa. Mlinzi akimkaribia vya kutosha, filimbi hupulizwa na mchezo husimama, na "vya kutosha" ni kwa macho ya mwamuzi. Ndiyo maana sikushangilia sana pasi mbili ndefu zilizowainua watu vitini, kwa kuwa katika mechi ya kweli kijana yule angekuwa ameshalazwa chini kabla mkono wake haujarudi nyuma. Kilichonifurahisha ni tukio dogo zaidi. Katika jaribio la tatu kati ya manne ambayo timu hupewa ili isogee yadi 10, zikiwa zimebaki yadi chache tu, alikaza macho upande wa kushoto hadi mlinzi wa nyuma akasogea huko, kisha akamrushia mpokeaji aliyekuwa akikatiza kulia, bila hata kuhamisha miguu. Huo ni ustadi ambao jezi ya kinga haiwezi kuukuza wala kuupunguza.

Jicho langu, hata hivyo, lilikuwa kwa wale watano wazito wanaomkinga kwotabeki. Aliyekuwa akicheza mwisho wa kushoto amemaliza masomo, na nafasi yake amepewa kijana wa mwaka wa pili mwenye umbo la kutisha na hatua ya kwanza inayochelewa. Mlinzi aliyepangwa dhidi yake aliligundua hilo mapema, akawa anazunguka kwa nje kila mara, na kijana akalazimika kumfuata kwa mikono badala ya miguu, viganja vikiwa vimepanuka nje ya mabega ya mpinzani, jambo ambalo waamuzi wakali huliadhibu kwa kuirudisha timu nyuma yadi 10. Kufikia robo ya pili kocha alikuwa amemwekea msaidizi pembeni. Msaada huo una gharama yake, kwani kila anayebaki nyuma kukinga ni mtu mmoja pungufu wa kupokea pasi. Kikosi cha pili kilinitia wasiwasi zaidi: yule wa katikati, anayeurudisha mpira nyuma kuanzisha mchezo, aliutoa chini chini mara kwa mara, na mara mbili ukabingirika nyasini. Msimu huanza mwishoni mwa Agosti, majeraha hayapigi hodi, na ifikapo Oktoba huenda huyo huyo ndiye atakayetegemewa.

Mbinu zilizoonyeshwa zilikuwa chache, tena za kawaida mno. Makocha wanajua kwamba mechi hizi zikirushwa kwenye televisheni, wapinzani nao hutazama. Na tangu wachezaji walipopata uhuru mkubwa wa kuhama, hofu imekuwa pia kwamba chuo kingine kitamwona kijana aliyeng'ara na kumshawishi aondoke. Kwa hofu ya namna hiyo, Chuo Kikuu cha Nebraska kiliiacha mechi yake ya jadi mwaka 2025. Ni tofauti kubwa na mwaka 2016, watu zaidi ya 100,000 walipojaa uwanjani Columbus kuwatazama wachezaji wa Chuo Kikuu cha Ohio State wakicheza wenyewe kwa wenyewe. Nawaelewa makocha, lakini NCAA imeshalifuta dirisha la uhamisho la majira ya kuchipua na kubakiza moja tu la Januari, hivyo kisingizio hicho kimepungua nguvu, na shabiki aliyelipa anastahili kuonyeshwa zaidi ya mbio za katikati na pasi za yadi tano.

Huduma ilikuwa ya kuridhisha, isipokuwa kasoro moja iliyonikera. Wachezaji kadhaa walivaa namba zinazofanana, kama inavyoruhusiwa katika vyuo, lakini langoni hapakuwa na karatasi ya majina, na mtangazaji alitaja majina ya nyota pekee. Ukitaka kumfuatilia mgeni wa kikosi cha pili, ambaye hasa ndiye wa kutazamwa siku hiyo, ilikubidi ukisie. Watoto walipata wasaa mzuri wa kuomba sahihi baada ya mechi, na foleni ilikwenda kwa utaratibu.

Anayepanga kwenda mwakani asikimbilie viti vya katikati. Akae juu, nyuma ya milingoti ya goli, kwa maana kutoka pale huonekana wazi mapengo yanavyofunguka na kufungwa kati ya safu mbili, na nani kasukumwa nyuma. Kuhusu wapigaji mateke sina la kusema: mateke ya kuanzishia mchezo yaliondolewa kabisa, na yale ya kuuondoa mpira hatarini yalipigwa bila mtu yeyote kuja kuyazuia.