Pomboo wa Kizimkazi: nimelipa mara mbili, mara moja ndo nimewaona

Niseme mapema mi sio mtu wa bahari. Nimekulia Utete, kando ya mto Rufiji, wanyama wa majini ninaowajua ni mamba na kiboko basi, kwahiyo mume wangu aliposema twende Kizimkazi, kusini mwa Zanzibar, tukaangalie pomboo nikaona hapa hela inaenda kuliwa na samaki wakubwa.

Na safari ya kwanza hela iliyeyuka kweli. Kampuni siitaji. Tulichukuliwa mjini alfajiri, kufika Kizimkazi Dimbani tukapakiwa kumi kwenye boti moja, jaketi langu la kuokolea mkanda umekatika, nauliza naambiwa "kwani dada hujui kuogelea?" Mapezi yalipoonekana tu kijana akafungua mashine mpaka mwisho, na boti nyingine kama nane nazo zikaja spidi zikawazunguka, watu wanapigiwa kelele rukeni rukeni, mi nikaruka, nilichokiona chini ni mapovu na miguu ya Mzungu. Pomboo kitambo wameshazama wameibukia kule mbele. Tukapanda, tukawakimbiza, tukaruka tena, mara nne hivyo hivyo, ya nne nikatapika. Baadae nikaja kusoma kwamba watafiti walishachunguza jambo hilo hapo hapo Kizimkazi, boti zikiwa nyingi pomboo wanapunguza kupumzika na kula, kazi inakua kukimbia tu. Ningekua mimi ningehama.

Februari nikarudi na wifi yangu, mwalimu wa baiolojia huyo, akagoma kabisa mambo ya kampuni. Tukamkuta mzee mmoja pwani na boti yake ya mbao, tukamsalimia, akatuangalia weee, akasema: "Mie siwafukuzi. Wakija wamekuja, wasipokuja mtakula samaki mrudi zenu." Nikampenda hapo hapo.

Bahari ilikua imelala kama mafuta kwenye sufuria. Mzee akawaona mbali, akazima mashine, tukakaa. Dakika kumi kimya, maji yanapiga ubao tu. Halafu nyuma ya mgongo wangu nikasikia PFUUH!

Jamani mwili ulinisisimka, maana sauti ile naijua. Ukiwa Utete usiku kiboko akiibuka mtoni ndo hiyo hiyo, pumzi ya pua nzito inayorusha maji. Niligeuka nikitegemea kuona vile visikio na macho mawili, nikaona pezi linazama taratibu.

Nikamwambia wifi huyu anapumua kama kiboko. Akacheka, "wifi hujakosea, ni ndugu yake." Nikadhani ananitania, kumbe kwa wanyama walio hai leo hakuna aliye karibu na nyangumi na pomboo kama kiboko. Sio kwamba kiboko ndo alienda baharini, hapana, walikua na babu mmoja zamani sana kila mtu akashika njia yake. Miaka milioni 50 hivi iliyopita, huko ambako leo ni Pakistan, ukoo huo wa nyangumi na pomboo ulikua na mnyama wa miguu minne, saizi ya mbwa mkubwa, anaitwa Pakicetus, anashinda kwenye maji. Halafu Misri kuna Wadi Al-Hitan, jangwa kabisa, mchangani kumejaa mifupa ya nyangumi wa kale, yupo Basilosaurus wa mita 15 na zaidi ambae bado alikua na vimiguu vya nyuma, vidogo hata kumbeba havimbebi. Na kwa jirani zetu Kenya, Loperot kule Turkana, walipata kipande cha fuvu la nyangumi wa miaka milioni 17, zaidi ya kilomita 700 kutoka baharini! Wanasema alipanda na mto akapotea. Mzee alikua kimya muda wote, hapo akaguna: "mto ndo uliomponza."

Basi nikaanza kuangalia kwa macho mengine. Mkia wa samaki unapiga kushoto kulia, huyu anapiga juu chini, mgongo unakunjuka kama mbwa anaekimbia. Tundu la utosini ndo pua yenyewe, inafunguka inafunga kama mdomo wa kitoto. Alikuepo mama na mwanae, mtoto kamganda ubavuni, anaibuka pale pale anapoibuka mamake, nae anatoa kapfuh kake kadogo. Ananyonya huyo, maziwa kabisa. Na usingizi wanalala nusu ubongo, nusu nyingine iko macho, maana akilala wote nani atamkumbusha kupanda kuvuta pumzi?

Mzee akasema alipokua kijana walikua wanawavua pomboo wawafanye chambo cha kunasia papa. Akasema tu, akawasha sigara.

Hatukuogelea. Walikaa nasi karibu nusu saa, wakaondoka wenyewe.

Nyota: ile ya kwanza 1, tena kwa sababu dereva wa gari alikua mstaarabu. Ya mzee 5, ingawa boti haina kivuli na nimeungua pua. Beba kofia na maji, nenda mapema kabla makundi hayajafika, na kabla hujatoa hela uliza nahodha anazima mashine au hazimi. Mwezi wa 8 tunarudi kutafuta nyangumi, wale wenye nundu wanaopanda kutoka Antaktika kuja kuzaa kwenye maji ya joto. Namba ya mzee msiniombe, mwenyewe kakataa, kasema watu wakizidi itabidi anunue boti kubwa na yeye kubwa halitaki.