Laini maalumu ya ofisi au faiba ya nyumbani? Ununue nini kwa biashara yako Tanga

Dada mmoja mwenye ofisi ya uwakala wa forodha Chumbageni aliniita asubuhi moja. Mkataba wa laini maalumu, yaani intaneti iliyotengwa kwa ofisi moja peke yake, ulikuwa mezani, umebaki kusainiwa tu. "Fundi, nimechoka. Nyaraka za mzigo haziendi, mteja yuko bandarini ananipigia kila dakika, na kila mwezi nalipia megabiti ishirini!" Nikachomeka waya wa kompyuta moja kwa moja kwenye ruta, nikapima kasi kwa megabiti za kila sekunde. Kushusha 19, kupandisha hata megabiti moja haifiki, wakati kifurushi chake ni cha 20 kushuka na 5 kupanda. Nikaufuata waya mmoja wa kijivu mpaka juu ya kabati, nikakuta kisanduku cha kamera za ulinzi. Kamera nne, zote zinarusha picha kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku na mchana. Nikauchomoa ule waya na kupima tena: kupandisha 4.8. Faili la kurasa zilizoskaniwa, lililokwama tangu saa mbili, liliondoka kabla chai niliyokaribishwa haijapoa.

Mkataba ule hakuusaini. Tulizibadilishia kamera mpangilio zikawa zinahifadhi kwenye diski pale pale ofisini, na hela aliyokuwa ameitenga ikafanya kazi nyingine nitakayoieleza. Nimevuta nyaya mji huu kwa miaka, na naumia nikiona mwenye duka la Ngamiani anauziwa laini ya kiwanda. Naumia vilevile nikiona maabara inategemea kifurushi cha kuangalia mpira.

Tofauti yenyewe iko wapi

Faiba ya nyumbani, yaani intaneti inayoletwa kwa uzi wa kioo, ni ya kugawana. Kwa mfumo uliozoeleka wa GPON, uzi mmoja kutoka kituoni hubeba takriban gigabiti 2.5 kushuka na 1.25 kupanda, kisha kigawanyio kinaugawa kwa nyumba 32 au 64. Watu wote wa mtaa wakiingia mtandaoni kwa pamoja, kila mmoja anapunjika. Lakini angalia saa: mtaa wa nyumba hujaa kuanzia saa moja usiku, watu wamesharudi makwao, na ofisi yako umeifunga tangu saa kumi na moja. Saa nne asubuhi, unapoihitaji kweli, foleni ni fupi. Ndiyo sababu faiba ya nyumbani inazibeba ofisi nyingi za hapa kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri.

Kwenye laini maalumu, kasi uliyolipia imetengwa kwa ajili yako hata usipoitumia. Kupanda na kushuka ni sawasawa, unapewa anwani ya IP ya kudumu (namba isiyobadilika inayoitambulisha ofisi yako mtandaoni), na mkataba unataja muda wa huduma kuwa hewani na muda wa fundi kufika. Kwa megabiti zile zile bei yake ni mara kadhaa ya faiba ya nyumbani, kwa hiyo usishangae kuona megabiti 10 maalumu zinauzwa ghali kuliko 50 za nyumbani.

Hiyo asilimia ya kuwa hewani iwekee hesabu kabla hujaifurahia. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Ukiahidiwa asilimia 99.5, mtoa huduma anaruhusiwa kukukatia saa 3 na dakika 36 kila mwezi bila kuvunja ahadi. Asilimia 99.9 ni kama dakika 43. Na akizidisha, mara nyingi fidia ni punguzo kwenye ankara yako. Mteja uliyempoteza siku hiyo hakuna anayekurudishia.

Nafasi ya kwanza: faiba ya kugawana, pamoja na laini ya simu ya kampuni nyingine na betri

Kwa ofisi ya watu wawili mpaka kumi hili ndilo chaguo langu: wakala wa forodha, steshenari, ofisi ya mhasibu, duka la dawa, nyumba ya wageni yenye vyumba vichache. Chukua faiba ya nyumbani au ya biashara ndogo. Pembeni weka ruta ya laini ya simu yenye bando dogo, na vyote uviwekee betri ya volti 12. Ruta zinazoshika njia mbili na kuhama zenyewe moja ikikata zinapatikana madukani, si lazima mtu akimbilie kubadilisha nyaya.

Laini ya simu iwe ya kampuni nyingine, hapa nasisitiza. Mnara wa simu nao mara nyingi unalishwa na faiba. Ukichukua vyote viwili kwa mtoa huduma mmoja, njia yake kuu ikikatwa unapoteza vyote kwa pamoja. Mimi mwenyewe yalinikuta. Vijana waliokuwa wanachimba mtaro walikata waya, simu ya huduma kwa wateja ikaniahidi fundi ndani ya saa nne, akafika siku ya tatu, na ruta yangu ya akiba ilikuwa ya kampuni ile ile.

Betri watu huidharau. Faiba ya aina hii haina kifaa cha umeme njiani, kati ya kituo na mlango wako, kwa hiyo TANESCO wakikata na kituo kikawasha jenereta, intaneti yako ipo. Kinachozimika ni kisanduku chako cha faiba na ruta tu. Vifaa hivyo vinakula umeme kidogo, hata betri ndogo inavishikilia saa kadhaa. Hela ya yule dada wa Chumbageni ilikwenda huku, kwenye laini ya pili na betri, na bado ikabaki.

Nafasi ya pili: faiba ya biashara isiyo maalumu

Bado unagawana na wenzako, ila unapata IP ya kudumu, kasi nzuri zaidi ya kupandisha na namba ya msaada inayopokelewa haraka. Inamfaa mwenye matawi, mathalani duka Barabara ya 12 na ghala Kange, anayetaka kompyuta za pande zote mbili zionane. Vifurushi vingi vya nyumbani vinakuweka nyuma ya anwani moja mnayoshirikiana wateja wengi, kwa hiyo huwezi kufikiwa kutoka nje moja kwa moja. Kama unaitaka kwa ajili ya kamera peke yake, acha. Kamera nyingi za siku hizi zinaonekana kwenye simu kupitia programu yake bila IP ya kudumu.

Nafasi ya tatu: laini maalumu

Imeshika nafasi ya tatu kwa sababu wanaoihitaji ni wachache. Anayeihitaji basi asiikwepe: hospitali inayotuma picha za eksirei kwa daktari wa mji mwingine, ofisi yenye seva (kompyuta kuu ya kuhifadhi taarifa) ndani ambayo matawi yanaitegemea, chuo chenye kompyuta sitini, kiwanda kilichoungwa na makao makuu Dar es Salaam, au kituo cha kupokea simu. Simu ya intaneti inakula chini ya kilobiti 100, si kitu. Kinachoiua ni kasi kuyumba, na hapo ndipo laini iliyotengwa inalipa.

Kipimo changu ni hiki: andika saa moja bila mtandao inakugharimu shilingi ngapi. Zidisha kwa saa ulizokatika miezi mitatu iliyopita, ugawe kwa tatu. Kama jibu ni dogo kuliko nyongeza ya bei kwa mwezi, baki nafasi ya kwanza.

Na hata ukiinunua, bado unahitaji akiba. Mei 12, 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, intaneti ikasuasua Tanzania na nchi za jirani. Laini yako inaweza kuwa yako peke yako mpaka kwa mtoa huduma, lakini kule baharini mnapita njia moja na wengine. Muulize muuzaji ana njia ngapi za kutokea nje, na zinapita wapi.

Nafasi ya nne: ruta ya laini ya simu peke yake

Kwa wakala wa pesa, saluni au kibanda cha soda inatosha kabisa. Inafaa pia kwa anayekaa ambako faiba haijafika. Iweke dirishani upande wa mnara, usiifiche nyuma ya friji. Soma masharti ya bando la "bila kikomo" mpaka mwisho, maana mengi hupunguza kasi ukivuka kiasi fulani.

Antena ya juu ya paa, ya kupokea intaneti kwa mawimbi ya redio, naiweka ya mwisho, hasa kwa watu wa Raskazone na ufukweni. Upepo wa chumvi unakula viungo na vishikizo, na masika yakianza ndipo simu za "fundi, imekata" zinapoanza. Kama hakuna njia nyingine, dai vifaa vya chuma kisichoshika kutu na waya wa ardhini kwa ajili ya radi.

Kabla hujalipa

Pima kwa waya, usipime kwa Wi-Fi. Nyumba za zamani za mjini zina kuta nene za mawe, na masafa ya gigahazi 5 hayapenyi vizuri. Nimeitwa mara nyingi kurekebisha intaneti ambayo tatizo lake ni ukuta. Pima saa nne asubuhi kwa jirani mwenye huduma hiyo hiyo, na uangalie zaidi kasi ya kupandisha. Kumbuka pia megabiti 10 ni megabaiti 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo faili la gigabaiti moja litachukua dakika 13 na ushee hata kila kitu kikiwa sawa.

Muulize muuzaji: bei hii ina VAT ndani au bado? Nikihama ofisi kabla mkataba haujaisha nalipa nini? Ruta ni yangu au ya kuazima? Fundi anakaa Tanga au anatoka Dar? Hili la mwisho lina uzito kuliko megabiti zote, na jibu lake litake kwa maandishi. Siku ikikata, chukua namba ya malalamiko na uandike saa uliyopiga. Mtoa huduma asipokushughulikia, hayo ndiyo utakayowapelekea TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano.