Nairobi hadi New York bila kushuka njiani, uzoefu wangu

Watu wananiuliza sana kama hii ndege ya Kenya Airways ya JKIA, uwanja wa Nairobi, mpaka JFK kule New York inafaa ama ni heri kupitia Dubai tiketi iwe nafuu. Mi nimepanda zote, na hii ya moja kwa moja siiachi tena hata ikizidi bei kiasi. Zamani hatukuwa na chaguo, imeanza Oktoba 2018.

Ukiangalia mtandaoni utaambiwa umbali ni kama kilomita 11,800. Ukipitia Dubai unaenda kwanza kaskazini mashariki ndio ugeuke magharibi, jumla inapita 14,500. Lakini iliyonishangaza ni Amsterdam, pale unaongeza kama kilomita 700 tu, yaani iko njiani kabisa, na bado safari inaweza kula masaa 20 na zaidi! Kwa hivyo kinachomaliza mtu sio kilomita jamani, ni kukaa uwanjani kungoja ndege ya pili, kukaguliwa upya, kuvua viatu upya, roho juu hujui begi limehamishwa ama limebaki.

Hii ya moja kwa moja ni masaa kama 15 kwenda na 14 kurudi. Njia ni ile ile ila huko juu upepo unavuma kutoka magharibi, ukienda Marekani unapambana nao, ukirudi unakusukuma. Na usidanganywe na saa zilizo kwenye tiketi, unatoka Nairobi usiku unafika asubuhi unaona kama ni masaa 7 hivi, hapana, New York iko nyuma yetu masaa 7, na kule wakiwa kwenye baridi inakuwa 8.

Ndege yenyewe ni Boeing 787, presha ya hewa ya ndani wanaiweka kama uko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, ndege nyingi za zamani zinafika karibu 2,400. Sasa Nairobi penyewe tuko karibu mita 1,800, ndio maana mtu wa huku mwili haushtuki sana.

Ila kwangu mimi sababu kubwa ni mama. Alikuja peke yake, Kiingereza chake kidogo, na sikukosa usingizi nikiwaza atapotelea uwanja gani wa watu kwa sababu hakuna pa kupotelea, anapanda Nairobi anashuka nikiwa namngoja, na ndani wahudumu anaongea nao Kiswahili akitaka maji ama blanketi. Hiyo amani siwezi kuiwekea bei kabisa.

Chagua kiti cha kando ya njia mapema, ekonomi imepangwa vitatu vitatu, ukikaa dirishani utaamsha watu wawili kila ukitaka choo. Mzee mnunulie soksi za kubana na umwambie asimame atembee kila baada ya muda, miguu inavimba kweli.