Nimehama kwa hasira: uzoefu wangu na mfuko wa fahirisi

Naandika nikiwa bado na hasira, na sioni kwa nini nisubiri zipoe. Hapa nazungumzia mifuko miwili ya uwekezaji, ule niliouacha na ule niliohamia, lakini kilichonikalisha kuandika ni kaka mmoja na maneno aliyonitolea ndani ya nyumba yangu.

Watanzania tunaoishi mji huu wa Uingereza wengi tunamfahamu. Msiba ukitokea yupo, harusini ndiye anayeshika maiki, na michango huwa anatangulia kutoa. Kwa heshima hiyohiyo ametuingiza wengi kwenye mfuko wa kampuni anayoiwakilisha. Mimi ni muuguzi. Fedha nilizoweka humo ni za zamu za usiku, nimezibana mwezi baada ya mwezi kwa ajili ya uzeeni. Nilipomwandikia kwamba nafikiria kuhamia mfuko unaofuata fahirisi ya soko, yaani orodha ya kampuni za soko la hisa, alikuja nyumbani siku chache tu baadaye.

Nikamkaribisha chai. Akatandaza karatasi mezani. Nikamwuliza swali moja tu: "Kaka, naomba unionyeshe nakatwa kiasi gani kwa mwaka, makato yote kwa pamoja." Akachukua kikombe chake akakiweka juu ya karatasi, palepale penye jedwali la makato, akaanza kunihadithia timu ya wataalamu wao wa London. Nikakisogeza kikombe. Kilikuwa kimeacha duara la maji, na ndani ya duara lile ndipo palipoandikwa asilimia 1.9 kwa mwaka, ukijumlisha ada ya mfuko, ya jukwaa (huduma inayokutunzia uwekezaji wako) na ya yeye mshauri. Ukiacha asilimia 4 iliyokatwa siku ya kwanza kabla fedha haijanunua chochote.

Nikamwambia mfuko wa fahirisi ninaoutazama una makato yasiyozidi asilimia 0.2, ada ya jukwaa ikiwa ndani. Akacheka. "Dada, masoko haya yana wenyewe. Hiyo ni mifuko ya wavivu. Wewe hangaika na wodi yako, hesabu tuachie sisi." Binti yangu amekaa pembeni anasikia.

Basi nikazifanya hizo hesabu. Chukua pauni 10,000, uziache miaka 25, soko likue asilimia 6 kwa mwaka kabla ya makato. Ukikatwa asilimia 0.2 unafika karibu pauni 41,000. Ukikatwa asilimia 4 mlangoni na 1.9 kila mwaka unafika karibu 26,000. Pauni 15,000 zimepotea hapo katikati, na hazikuliwa na soko! Nimezirudia hesabu hizi mara nyingi, nikitumaini kwamba mahali fulani nimekosea tarakimu. Ndivyo zilivyo.

Kwa ambao hawajawahi kuelezwa vizuri, mfuko wa fahirisi hauna bingwa wa kuchagua hisa. Kuna orodha ya kampuni, kwa mfano FTSE 100 ya London iliyoanza mwaka 1984, au S&P 500 ya Marekani. Mfuko unanunua orodha nzima, kila kampuni kwa uzito wa thamani yake sokoni. Kampuni ikipanda, uzito wake ndani ya mfuko unapanda wenyewe. Ikiporomoka hadi kutolewa kwenye orodha, inauzwa. Wewe unamiliki vipande, kama wenye vipande vya UTT, mifuko ya uwekezaji wa pamoja ya kule nyumbani Tanzania. Ila hapa hakuna meneja anayekaa kuamua leo tununue hiki, kesho tuuze kile. Kwa kuwa hakuna wa kulipwa kwa kubashiri, ada inakuwa ndogo. Ndio huo uvivu alioucheka.

Wenye akili zao walishaucheka zamani. John Bogle, mwanzilishi wa kampuni ya uwekezaji ya Vanguard kule Marekani, alipoufungua mfuko wake wa aina hii kwa wananchi wa kawaida mwaka 1976, ilitarajiwa zikusanywe dola milioni 150. Zikapatikana kama milioni 11. Watu wa Wall Street, kitovu cha fedha cha New York, wakauita upumbavu wa Bogle. Halafu kuanzia mwaka 2008 Warren Buffett, mwekezaji tajiri wa Marekani, akawekeana dau la dola milioni moja na kampuni ya New York iliyochagua vikapu vitano vya mifuko ya mabingwa, miaka kumi, tuone nani atashinda. Mwaka 2017 ulipokwisha, mfuko wa S&P 500 ulikuwa umekua kwa takriban asilimia 126. Kikapu kilichofanya vizuri kuliko vyote vya upande wa pili hakikufika hata asilimia 90. Hayo ndiyo nilitaka kumwonyesha kaka yule, akasema hana muda.

Utetezi wake mkubwa ulikuwa huu: soko likianguka, fahirisi inaanguka nalo, bali wao wana mtaalamu wa kukuokoa. La kwanza ni kweli. La pili nililishuhudia mwenyewe. Masoko yalipoporomoka kipindi kile cha korona, mfuko wao uliporomoka sawasawa na soko, hakuna aliyeniokoa. Na nilipoweka orodha ya hisa zao kumi kubwa kando ya zile kumi za fahirisi, nane zilikuwa zilezile. Yaani nimekuwa nalipia bingwa, kumbe napewa fahirisi kwa bei ya mara tisa! Si mimi peke yangu. Mwaka 2018 mamlaka ya fedha ya hapa Uingereza ilieleza kuwa imekagua mifuko 84 iliyoshukiwa kufanya hivyo, na kampuni zikakubali kuwafidia wateja takriban pauni milioni 34.

Nikahama. Jukwaa jipya halina kelele. Hakuna wa kunipigia simu, makato yameandikwa ukurasa wa kwanza, na nimeiweka fedha kwenye akaunti ya ISA ili faida isitozwe kodi. Nilikuwa tayari kuwapa nyota tano.

Lakini hapa napo niseme ukweli wote, maana nikisifu tu nitakuwa sina tofauti na kaka yule. Mfuko niliochukua unafuata fahirisi iitwayo MSCI World, na matangazo yake yanasema unamiliki dunia nzima. Fungua orodha. Ni nchi 23 zilizoendelea, na Afrika haimo, hata nchi moja! Zaidi ya theluthi mbili ya fedha iko Marekani, na sehemu kubwa ya hiyo imelala kwenye kampuni chache za teknolojia, Nvidia, Microsoft, Apple. Hizo zikiteleza, uzeeni kwangu kunateleza nazo. Hili lilistahili kuandikwa kwa herufi kubwa, nami linaniudhi karibu sawa na kile kikombe. Naondoa nyota moja. Kwa kweli naondoa mbili, hadi waache kuuita wa dunia nzima.

Fedha ya ada za shule za wadogo zangu kule Tanga siigusishi humu. Hiyo inahitajika mwakani, na mwakani soko linaweza kuwa chini kwa theluthi. Humu naweka ile nisiyoihitaji kwa miaka mingi tu, na kwa kazi hiyo sijaona kitu bora zaidi. Pamoja na kasoro zote nilizozitaja, sirudi nilikotoka.

Kama na wewe umo kwenye mfuko wa kampuni ile, omba taarifa ya mwaka ya makato yote, kwa asilimia na kwa pauni. Kisheria lazima wakupe. Mimi nimeshatuma barua ya malalamiko, na maneno ya wodi yangu nimeyaandika humo kama yalivyotamkwa. Wana wiki 8 za kujibu. Zikipita, nalipeleka shauri kwa msuluhishi wa huduma za fedha, na karatasi yenye duara la chai naiambatisha.