Miche ya mrehani ya kitalu cha kando ya barabara: uzoefu wangu

Nilinunua miche minne ya mrehani kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara hapa Tanga, shilingi 2,000 kila mche. Kwa anayejiuliza kama kuna haja ya kutoa hela hiyo wakati mbegu zipo: ipo. Mbegu za mrehani ni ndogo mno, ukimwaga maji kwa pupa zote zinasombwa. Mche ulioshika unakuondolea kazi hiyo.

Udongo wa kwenye viriba ulinifurahisha. Ulikuwa mweusi, umechanganywa na samadi iliyooza sawasawa, na nilipochana nailoni niliona mizizi myeupe imeshika donge vizuri bila kujisokota chini. Mche mmoja tu ulikuwa umeshatoa maua. Ule usiuchukue kama una hiari, maana mrehani ukianza kukomaza mbegu nguvu zote zinakwenda huko, majani yanabaki madogo. Ukishakuwa nao, kata kichwa juu kidogo ya jozi ya majani. Pale pale yatachomoza machipukizi mawili.

Kisichonipendeza ni ushauri wa muuzaji. Miche yote ilikuwa chini ya mwembe, akasisitiza hata nyumbani niiweke kivulini. Hapana! Mrehani unataka jua, tena jua lenyewe, saa 6 kwa siku au zaidi. Ila kwa kuwa umelelewa kivulini usiutoe ghafla. Uanze na jua la asubuhi, mchana uukinge, hadi uzoee. Yangu ilikuja imerefuka na kupauka. Sasa majani yamekaza, kijani chake kimekolea, na ukipita kanga ikiigusa tu, harufu inakufuata hadi mlangoni.

Maji namwagia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Wakati wa masika ndipo pa kuangalia sana, kwani mizizi ikilala kwenye maji inaoza, kwa hiyo nimepanda kwenye tuta lililoinuka, nikaacha kama sentimita 30 kati ya mche na mche. Vidukari wakitokea, maji ya sabuni kidogo jioni yanatosha.

Miche miwili nakata vichwa kila mara nipate majani ya jikoni. Miwili mingine nimeiacha itoe maua kwa makusudi, maana sisi watu wa pwani mrehani si wa chungu tu. Kikuba cha asumini, yaani kile kifungu cha maua ya kunukia wanachojipamba wanawake, bila mrehani kinapwaya, na mashada ya mrehani yakiwa mabichi hukaa na harufu usiku kucha. Nyuki nao hawabanduki pale asubuhi.

Kitalu nakipendekeza, mradi uchague mche usio na maua na ulio pembeni, unaopata jua. Mimi mrehani sitanunua tena: vikonyo nilivyokata nimeviweka kwenye glasi ya maji, vimetoa mizizi, na jirani keshachukua viwili. Nikirudi pale ni kwa ajili ya asumini.