Vijitabu vitatu vya utafiti wa jamii: kipi kinafaa pesa yake

Vinauzwa Mjini Unguja, kwenye maduka ya vitabu na ya fotokopi, shilingi 2,000 kimoja. Kila kijitabu kina kurasa 8 za A5, yaani karatasi mbili za A4 zilizochapwa pande zote, zikakunjwa na kupigwa pini mbili mgongoni. Kimoja kinahusu umaskini, cha pili sensa, cha tatu wakulima wa mwani. Waliokusudiwa ni mkaazi wa kawaida, mwalimu wa skuli na sheha, watu ambao ripoti yenyewe ya kurasa mia na kitu hawana nafasi ya kuifungua.

Cha umaskini ndicho kilichofanyiwa kazi. Kimetokana na Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa Zanzibar wa 2019/20, na hakimtupii msomaji asilimia 25.7 kisha kikamuacha hapo. Kinasema karibu watu 26 katika kila 100 wanaishi chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, halafu kinaeleza mstari huo unavyopatikana: gharama ya chakula cha kumtosha mtu, ikaongezwa ya mahitaji mengine yasiyoepukika. Kinaeleza pia kuwa kinachopimwa ni matumizi, si mshahara. Muhogo uliochimbwa shambani kwako na samaki wa kitoweo uliyemvua mwenyewe navyo hutiwa bei na kuhesabiwa. Jambo hilo watu wengi hawalijui, na ndilo linalozua ubishi barazani kila takwimu zinapotangazwa.

Ukurasa wa 3 ndio unaoharibu. Umeandika kwamba umaskini "umepungua kwa asilimia 4.8" kutoka 2014/15, ulipokuwa asilimia 30.5. Sivyo. Kutoa 25.7 kwenye 30.5 kunabakisha pointi 4.8, yaani tofauti ya asilimia moja na nyingine. Ukitaka kujua umepungua kwa asilimia ngapi, gawa 4.8 kwa 30.5, utapata karibu asilimia 16. Mwandishi aliyetaka kuisifu hali amejipunja mwenyewe.

Liko na jingine ambalo kijitabu hakikuligusa kabisa. Kwa sensa za 2012 na 2022, watu wa Zanzibar wanaongezeka kwa wastani wa asilimia 3.7 kwa mwaka. Kwa mwendo huo, kila watu 1,000 wa mwanzo wanakuwa karibu 1,200 baada ya miaka mitano. Asilimia 30.5 ya 1,000 ni watu 305, asilimia 25.7 ya 1,200 ni watu 308. Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kuonyesha kwamba asilimia ya maskini inaweza kushuka na idadi yao ikabaki pale pale. Sheha anayepanga nani apewe msaada anahitaji idadi. Mistari minne tu ingetosha kulieleza hili, na nafasi ipo: jalada la nyuma halina kitu.

Cha sensa ni chepesi mno. Kinatoa jumla ya watu 1,889,773, Unguja 1,346,332 na Pemba 543,441, kisha kinajaza kurasa kwa michoro. Michoro ilitengenezwa kwa rangi nyekundu na kijani, na ilipopigwa fotokopi ya wino mweusi zote mbili zikawa kijivu kimoja. Unguja na Pemba huzitambui. Dawa yake ni rahisi: nguzo moja ijazwe nyeusi, nyingine iachwe tupu, na namba iandikwe juu ya kila nguzo. Kasoro nzito zaidi ni kutosema kwamba sensa ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Mvuvi aliyekuwa dago, yaani kambi ya wavuvi, usiku ule amehesabiwa huko huko dago. Kwa hiyo idadi ya shehia ya pwani si lazima ilingane na daftari la sheha, na hakuna aliyedanganya.

Kijitabu cha mwani kina Kiswahili kizuri kuliko vyote, na ndicho tusichokipendekeza. Maelezo ya kilimo yamenyooka: kilimo cha biashara kilianza mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja, wakulima wengi ni wanawake, na kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inakufa maji yanapopata joto, wakabaki na spinosamu, aina ya bei ya chini. Baada ya hapo kinaingia kwenye mahojiano, na kila ukurasa ni "wengi wanasema". Wengi katika wangapi? Walihojiwa wapi, msimu gani, na aliyewapeleka watafiti kwao ni nani? Kama ni mnunuzi wa mwani, majibu kuhusu bei yasomwe kwa tahadhari. Hata ukiwachagua watu 100 kwa bahati nasibu, jibu lako linaweza kupotoka kama pointi 10 juu au chini. Ukiwachagua 400, kama pointi 5. Walioletwa na mwenyeji hawana hata kipimo hicho.

Kisha kuna suala la siri. Majina yamefichwa, lakini chini ya maneno ya mama mmoja pameandikwa umri, kijiji, idadi ya watoto na kwamba ni mjane anayesuka ukili. Kijiji kizima kinamjua. Ilitosha kuandika "mkulima wa mwani, kusini Unguja".

Anayetaka kununua achukue cha umaskini na asahihishe ukurasa wa 3 kwa kalamu. Herufi ni za saizi 9, kwa hiyo mtu mzima aende na miwani yake. Nakala ya simu inayotumwa kwa WhatsApp ni kurasa zile zile za A5 zilizopangwa mbili mbili tayari kwa kukunjwa, ukurasa wa 8 ukiwa ubavuni mwa wa 1. Ukiisoma kwenye simu utapotea. Omba iliyopangwa ukurasa mmoja mmoja.